Miezi Mitatu Uliyolipia ni Mali ya Nani?

Kila mwaka ikifika Julai, UE zikikaribia kuisha, makundi ya WhatsApp ya madarasa yetu hapa Mlimani hugeuka kuwa soko la vyumba. "Geto linaachwa Changanyikeni, kodi imelipwa mpaka Oktoba." "Masta Msewe, maji ndani, imebaki miezi mitatu, bei maelewano, njoo inbox." Wanaotangaza ni wa mwaka wa mwisho wanaorudi makwao moja kwa moja, pamoja na sisi wa Elimu tunaosambazwa mikoani kwa BTP. Wanaojibu ni wanaobaki Dar kwa field, wenye sapu, na wajanja wanaotaka kuwahi chumba kabla bei hazijapanda Novemba.

Wapo wanaoliona soko hilo kama uhuni. Mimi naliunga mkono. Ninachopinga ni namna tunavyolifanya: kimya kimya, ufunguo unatoka mkono huu kwenda mkono ule, hela inatumwa kwa simu, na mwenye nyumba anakuja kugundua siku anapokutana na sura mpya kwenye foleni ya bafu. Nataka kusema jambo moja tu. Kumwachia mwenzako chumba chenye kodi iliyolipwa ni makubaliano yanayopaswa kuandikwa kwenye mkataba siku unapoingia. Ukiyaacha mpaka Julai, utakuwa unaomba hisani. Ukiyafanya kwa siri, unamtegea mtego mwanachuo mwenzako.

Hesabu ya chumba

Tupige hesabu kidogo. Tuseme chumba ni shilingi 100,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka kwa mkupuo. Hiyo ni 1,200,000. Dalali naye anataka kodi ya mwezi mmoja, 100,000, ukiacha hela ndogo ndogo alizokutoza kwa kukutembeza juani. Umeingia Novemba. UE za semista ya pili zikiisha Julai umekaa miezi tisa. Mkataba una miezi kumi na miwili. Mwaka wa masomo na mwaka wa mwenye nyumba havijawahi kulingana, na hiyo tofauti ya miezi mitatu, shilingi 300,000, inabebwa na mwanafunzi peke yake.

Sasa ilinganishe na bumu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23, fedha ya kujikimu kutoka Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, baada ya kupanda kutoka 8,500. Kwa hiyo 300,000 ni bumu la siku 30, la kula, kuvaa na kupanda daladala. Mtu anayeishi kwa hela hiyo hawezi kuambiwa "samehe tu, ni miezi mitatu". Na kwetu wa Elimu kuna la ziada: wakati geto lako la Dar limefungwa kwa kufuli, wewe uko wilayani unatafuta chumba kingine karibu na shule uliyopangiwa. Mwezi mmoja, kodi mbili, mtu mmoja.

Mtasema basi kaeni hosteli, kalenda ya hosteli inaendana na kalenda ya chuo. Ni kweli, na hosteli za Magufuli zilipofunguliwa mwaka 2017 zilileta nafasi 3,840 kwa mpigo, unafuu mkubwa. Lakini kila anayepita Changanyikeni, Msewe, Makongo au Survey jioni anajua ni wangapi kati yetu bado wanalala mtaani. Hatupo huko kwa kupenda kuosha vyombo koridoni.

Kinachouma zaidi ni kinachotokea baada ya kuondoka. Unamwambia mwenye nyumba unakwenda BTP na hutarudi kwenye chumba kile. Anakujibu: "Mkataba ni wa mwaka, kodi hairudishwi, chumba niachie." Unaacha. Mwezi Agosti mtu mwingine yuko ndani, na amelipa kuanzia Agosti. Chumba kimoja, mwezi uleule, kimelipiwa mara mbili, na wewe uliyelipa mwanzo huna chako. Sio wenye nyumba wote wanafanya hivyo. Wapo wanaokurudishia hata nusu na kukuombea safari njema. Lakini jambo lisiloandikwa linategemea moyo wa mtu, na mioyo haifanani.

Mambo matatu tunayoyachanganya

Sehemu ya tatizo ni lugha. Tukisema "naacha geto" tunaweza kuwa na maana tatu tofauti, na kila moja ina matokeo yake.

La kwanza ni kupangisha tena. Hapa wewe unabaki kuwa mpangaji wa mwenye nyumba, na mwenzako anakuwa mpangaji wako. Akivunja kioo cha dirisha au akigombana na jirani, wa kuulizwa ni wewe, uliyeko Kibondo unaandika andalio la somo kwa tochi ya simu. Njia hii inamfaa anayetarajia kurudi baada ya wiki nane na kukikuta chumba chake.

La pili ni kuhamisha upangaji wenyewe. Unatoka, mwenzako anaingia kwenye nafasi yako kwa muda uliobaki, kodi ileile na masharti yaleyale. Wengi wetu ndicho tunachokitaka. Lakini kuna kifungo tunachokisahau: ulipotia sahihi, wewe ndiye uliyeahidi kulinda chumba. Bila karatasi inayosema umeachiliwa kuanzia tarehe fulani, bado unaweza kutafutwa kwa yale uliyoyaahidi.

La tatu ni kuvunja mkataba kwa maelewano. Unamrudishia mwenye nyumba ufunguo, anasaini mkataba mpya na mtu uliyemleta, na wewe unapata hela yako kutoka kwa mmoja wao. Ndiyo njia safi kuliko zote, na ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu inahitaji mwenye nyumba akubali kufungua mkoba.

Sheria nayo haijanyamaza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ina sehemu nzima ya mambo ya upangaji. Inatambua upangaji wa muda mfupi, wa mwaka mmoja au pungufu, hata kama ulifanywa kwa mdomo. Kwa hiyo yule anayekwambia "sisi hatukuandikishana, kwa hiyo huna haki" anakutisha tu. Shida ya maneno ya mdomo ni kuyathibitisha. Sheria hiyo pia inagusa suala la ridhaa: pale ambapo mpangaji anatakiwa kupata ridhaa ya mwenye nyumba kabla ya kumpa mtu mwingine chumba, ridhaa hiyo haipaswi kukataliwa bila sababu ya msingi. Ona pande zote mbili za sentensi hiyo. Ni lazima uombe, na yeye akikataa ni lazima awe na sababu.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: Tanzania ilikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ya mwaka 1984. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo, kwa sehemu kubwa, wewe na mwenye nyumba mnapatana wenyewe. Ndiyo maana ile karatasi moja ya mkataba, ambayo wengi tunaisaini kwenye kochi la mwenye nyumba huku dalali akituharakisha, ina uzito kuliko tunavyodhani. Kisichoandikwa humo utakuja kukitafuta baadaye na usikipate.

Mwenye nyumba naye ana hoja

Nisingependa makala hii isomwe kama vita dhidi ya wenye nyumba. Wengi wanaotupangisha ni mama zetu na baba zetu wa mtaani, vyumba sita, choo kimoja, geti linafungwa saa 4 usiku, na wao wenyewe wanalala chumba cha mbele na wajukuu. Siku ulipokuja na shikamoo yako na kitambulisho cha chuo, mama alikupima. Alikuuliza unatoka wapi, unasoma nini, mko wangapi. Alikukubali wewe. Leo unamletea mtu asiyemjua, analala hatua tano kutoka kwa wajukuu wake, na unategemea aseme karibu?

Hofu zake zinaeleweka. Anaogopa kwamba chumba cha mtu mmoja kitajaa watu wanne wa field. Anaogopa polisi wakija kumuuliza mpangaji wake ni nani, naye hana hata jina. Anaogopa deni la umeme kwenye luku mnayochangia. Hizo ni sababu za msingi, na mwanafunzi anayezipuuza anaharibia wenzake wote watakaokuja kupanga mtaa ule baada yake. Lakini "nataka kodi mpya kwa miezi ambayo imeshalipwa" haimo kwenye orodha hiyo. Hapo hakuna hofu, kuna tamaa, na tuna haki ya kuikataa kwa adabu.

Dalali ndiye mtu wa tatu katika habari hii. Wapo wanaodai kodi ya mwezi mzima kila mpangaji anapobadilika, hata kama wewe mwenyewe ndiye uliyemtafuta mrithi wako. Dalali analipwa kwa kazi ya kutafuta mtu. Safari hii mpangaji katafutwa na mpangaji. Kama mwenye nyumba ameomba dalali awepo, mshukuru kwa muda wake, lakini hana fungu kwenye miezi uliyoilipia wewe.

Anayeumia kuliko wote

Katika biashara hii ya siri, anayeondoka ana hela yake mfukoni na tiketi ya basi. Mwenye nyumba ana nyumba yake. Anayebaki uchi ni yule anayeingia.

Mfikirie dada wa mwaka wa pili anayebaki Dar kwa field. Ametuma 300,000 kwa mtu ambaye kesho alfajiri anapandia basi Mbezi. Ameingia na begi, godoro na ndoo. Baada ya wiki moja mlango unagongwa: "Wewe ni nani, na nani kakuweka humu?" Hana karatasi hata moja yenye jina lake. Pengine kodi ilikuwa imelipwa mpaka Agosti tu, na tangazo lilisema Oktoba. Pengine chumba hicho hicho kimeuzwa kwa watu wawili. Pengine kuna deni la maji la miezi minne. Anapiga simu, namba haipatikani. Akitolewa nje jioni ile, atamshtaki nani, na kwa ushahidi gani? Wahenga walishamaliza: mali bila daftari hupotea bila habari.

Na tusidanganyane, wanaowafanyia hivi si watu wa mbali. Ni washkaji zetu wa darasani. Siku hizi kuna hata wanaodai kilemba, kama vile geto ni fremu ya biashara Kariakoo: miezi mitatu ya 300,000 anaiuza 400,000 kwa sababu "location iko poa, karibu na geti la chuo". Huo ni unyonyaji wa maskini kwa maskini. Kama unamwachia kitanda, pazia na mtungi wa gesi, viandikwe na bei zake. Miezi iuzwe kwa bei uliyoilipia, na ikiwezekana pungufu, kwa kuwa na wewe usingepata kitu kama chumba kingebaki kimefungwa.

Karatasi moja, sahihi tatu

Tiba yake haihitaji wakili wala semina. Inahitaji sentensi mbili kwenye mkataba unaposaini, na karatasi moja unapoondoka.

Sentensi zenyewe zinaweza kusomeka hivi: "Mpangaji akilazimika kuondoka kabla ya muda kuisha, anaweza kumwachia mpangaji mwingine muda uliobaki kwa ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba hatakataa bila sababu ya msingi, wala hatadai kodi nyingine kwa miezi iliyokwisha kulipwa." Hakuna neno gumu hapo. Mwenye nyumba anabaki na kauli juu ya nani anaingia, na wewe unabaki na thamani ya ulichokilipia.

Muda wa kuondoka ukikaribia, usisubiri mpaka mtihani wa mwisho. Mwezi mmoja kabla, nenda na mtu wako kwa mwenye nyumba. Mwambie, "Shikamoo mama. Nimepangiwa BTP mkoani, na huyu mwenzangu ndiye ningependa amalizie muda wangu. Nimemleta umwone." Mwache amuulize maswali yote aliyokuuliza wewe. Akimkataa kwa sababu ya maana, mlete mwingine. Akikubali, andikeni:

majina ya watu watatu na namba za vitambulisho, chumba chenyewe, kodi imelipwa mpaka tarehe gani, kiasi ambacho anayeingia amemlipa anayetoka, hali ya chumba, yaani kitasa, vioo, soketi na bomba, deni la umeme, maji na taka, hata kama ni sifuri, idadi ya watu watakaokaa, na sentensi inayosema kwamba kuanzia tarehe hiyo anayetoka ameachiliwa na anayeingia amebeba masharti yote ya mkataba.

Sahihi tatu, shahidi mmoja, nakala tatu. Ukiweza, pitisha ofisi ya serikali ya mtaa au kwa mjumbe, ili siku likitokea la kutokea kuwe na mtu anayewafahamu. Hela ilipwe siku hiyo hiyo, mbele ya wote, na ufunguo ukabidhiwe hapo hapo. Anayekwambia "tuma kwanza, mambo ya kuandika baadaye" mwache aende na chumba chake.

Najua pingamizi linalokuja. Novemba vyumba vinagombewa, mwenye nyumba akimwona mwanafunzi analeta vipengele vyake atampa anayefuata kwenye foleni. Ni kweli, kwa mwanafunzi mmoja. Akija mmoja ni msumbufu. Wakija wote na karatasi inayofanana, inakuwa desturi ya mtaa. Hapo ndipo serikali yetu ya wanafunzi inapoingia.

Tunaiomba mambo matatu. Moja, fomu ya mfano ya mkataba na ya kukabidhiana chumba, kwa Kiswahili ambacho mama wa Changanyikeni anakielewa. Shule Kuu ya Sheria imejaa wenzetu wanaosoma mikataba. Waiandike, walimu wao waipitie. Mbili, daftari la Juni la vyumba vyenye muda uliobaki, ambapo tangazo haliwekwi mpaka mwenye nyumba amesaini kwamba anajua. Hilo pekee lingefuta nusu ya utapeli wa kwenye magrupu. Tatu, mtu wa kusuluhisha kwa maneno kabla watu hawajafikishana kwenye baraza la kata au polisi. Gharama yake ni rimu za karatasi na dawati moja. Tumeshatumia zaidi ya hapo kwa fulana za kampeni.

Na mwenye nyumba anapata nini? Anapata kujua nani analala nyumbani kwake. Anapata mpangaji aliyeingia Agosti ambaye, akitendewa vizuri, Novemba ataendelea, bila chumba kukaa tupu na bila kuanza upya na mgeni. Wengi wakielezwa hivyo kwa heshima wanaelewa haraka kuliko tunavyofikiri.

Wenzangu wa Elimu, sisi tuna sababu ya ziada ya kulijua hili mapema. Tukiajiriwa tutapangiwa vituo, na baada ya hapo kuna uhamisho. Barua ya uhamisho haisubiri kodi yako iishe. Utakuwa Sengerema, umelipa miezi sita, na unatakiwa kuripoti Tunduma. Ukiwa umejifunza hapa Mlimani namna ya kukabidhi chumba kwa karatasi, utamkabidhi mwalimu anayekuja kushika nafasi yako, naye atakuwa na pa kulala siku ya kwanza.

Kwa hiyo kabla hujasaini Novemba hii, mwambie dalali asubiri dakika tano. Soma mkataba wote, utafute mahali panapozungumzia kumwachia mwingine muda uliobaki. Kama hapapo, ziombe zile sentensi mbili wakati hela bado iko mkononi mwako.